Albamu Zinazozunguka Barazani Kwangu Msimu Huu wa Korosho

Tangu minada ya korosho ianze, siku zangu zimekuwa na mpangilio mmoja. Asubuhi napanda daladala kutoka Mikindani kwenda Mtwara mjini, mchana kutwa nasimama kando ya mizani ghalani nikiandika uzito wa magunia, na jioni narudi nyumbani nikiwa na vumbi shingoni na hamu ya jambo moja tu: kukaa barazani, kuwasha spika yangu ndogo na kusikiliza albamu moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka hata mmoja. Nasema albamu, wala si nyimbo. Nyimbo mojamoja nazisikia kutwa nzima kwenye simu za wapakiaji, huu ukikatwa katikati ili uingie mwingine, na mara nyingi ni nyimbo nzuri. Lakini rege hasa ni muziki unaohitaji muda wa kutua mwilini, na besi yake haikupi kila ilicho nacho katika dakika ya kwanza.

Mazoea haya nimeyapata kwa marehemu kaka yangu mkubwa, aliyekuwa fundi redio. Alikuwa na sanduku la mbao lililojaa kanda, nyingi zikiwa zimerekodiwa kutoka kanda nyingine, majina ya waimbaji yakiwa yameandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu. Kanda haikumruhusu mtu kuwa na pupa. Ukitaka wimbo wa nne ulipaswa kuupitia wa tatu, na kwa kuupitia mara ishirini ukaanza kuupenda kuliko huo wa nne. Sanduku lile liliharibiwa na unyevu zamani, lakini albamu nyingi zilizokuwamo nimezipata upya, na sasa zimo kwenye kadi ya spika pamoja na nyingine ambazo kaka hakuwahi kuzisikia.

Iliyopigwa mara nyingi kuliko zote msimu huu ni "Marcus Garvey" ya Burning Spear, iliyotoka mwaka 1975. Wakati ule Burning Spear lilikuwa jina la waimbaji watatu, Winston Rodney akiwa kiongozi, Rupert Willington na Delroy Hinds wakimwitikia. Jina lenyewe, ambalo maana yake ni mkuki unaowaka, lilitokana na jina la sifa alilopewa Jomo Kenyatta. Rodney anatoka St. Ann's Bay, mji wa pwani ya kaskazini ya Jamaica, na ndipo alipozaliwa Marcus Garvey mwenyewe mwaka 1887. Kwa hiyo albamu nzima ni ya mtu anayemwimba mzee wa mji wake, mtu aliyesahaulika nyumbani kwao baada ya kuongoza harakati kubwa ya watu weusi na kuanzisha kampuni ya meli ya Black Star Line mwaka 1919. Rodney analalamika kwamba hakuna anayemkumbuka Garvey, na analalamika kwa sauti tulivu, kama anayesoma dua, huku tarumbeta na tromboni zikipanda nyuma yake na ngoma za Leroy "Horsemouth" Wallace zikimsukuma polepole.

Humo ndani umo wimbo uitwao "Slavery Days", unaouliza swali moja tena na tena: je, mnakumbuka siku za utumwa? Naomba msomaji aelewe kwamba swali hilo, likiulizwa Mikindani wakati wa magharibi, halisikiki kama linavyosikika kwingine. Kutoka barazani kwangu si mwendo mrefu hadi kwenye jengo la zamani ambalo wenyeji na wageni huliita Soko la Watumwa. Mji huu, kama Kilwa Kivinje kule juu, ulikuwa mlango wa watu waliotembezwa kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa, wakapakiwa majahazini. Ni kweli kwamba waliopelekwa Jamaica walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, na wa huku kwetu walipelekwa Unguja, Uarabuni na katika visiwa vya Wafaransa. Njia zilikuwa tofauti na bahari zilikuwa mbili. Hata hivyo Rodney hatafuti jibu la kitabuni. Anauliza kama kuna anayekumbuka, na nikiwasikia Willington na Hinds wakimwitikia, nafikiri jinsi tunavyopita mbele ya jengo lile kila siku tukiwa na vikapu vya samaki na mawazo ya nauli.

Jambo moja kuhusu albamu hii huwa linanisikitisha. Kampuni ya muziki ya Island iliyoisambaza Uingereza ilibadilisha uchanganyaji wa sauti ili iwapendeze wasikilizaji wa kule, na Rodney hakufurahishwa. Hata hivyo, mwaka uliofuata zilitolewa nyimbo zilezile zikiwa zimeondolewa sehemu kubwa ya uimbaji, kwa jina la "Garvey's Ghost". Mimi husikiliza zote mbili mfululizo. Ya kwanza ina maneno. Katika ya pili maneno yanapita kwa mbali, na besi inabaki ikitembea peke yake.

Baada ya hiyo, mara nyingi naweka "Survival" ya Bob Marley ya mwaka 1979. Najua wengi wangechagua albamu zake za mapenzi na furaha, na siwalaumu, lakini hii ndiyo aliyoifanya akiwa ameitazama Afrika moja kwa moja. Jalada lake limejaa bendera za nchi za Afrika, na nyuma ya jina la albamu kuna mchoro wa meli ya watumwa ukionyesha watu waliolazwa kama magunia. Humo umo wimbo wa "Zimbabwe", uliotoka kabla nchi hiyo haijapata uhuru, na Marley mwenyewe akaenda kupiga muziki katika uwanja wa Rufaro mwezi Aprili 1980 bendera mpya ilipopandishwa. Sisi wa mikoa ya Kusini hatuhitaji kufafanuliwa wimbo huo. Nachingwea, mkoani Lindi, ilikuwa na kambi kubwa ya mafunzo ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, na wazee wa huku wanakumbuka miaka ambayo ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita na ndugu zao Wamakonde walivuka mto wakiwa na watoto mgongoni. Katika albamu hiyo pia umo wimbo uliopewa jina la mtindo wa upigaji ngoma wa rege wenyewe, "One Drop", ambao pigo la kwanza la hesabu linaachwa tupu, halafu ngoma kubwa inaangukia pigo la tatu. Utupu huo wa mwanzo ndio unaofanya mwili uiname kidogo kabla haujanyanyuka. Carlton Barrett aliupiga kwa namna ambayo sijamsikia mwingine akiifikia.

Nililotaka kulieleza zaidi ya yote ni la jioni moja mwezi uliopita. Nilikuwa nimeweka "Grounation" ya Count Ossie na kundi lake la Mystic Revelation of Rastafari, kazi ya mwaka 1973 iliyotolewa kwa santuri tatu. Huu ni muziki wa Nyabinghi, ngoma za ibada za Marasta, uliotangulia rege na kuilisha. Jina lenyewe la Nyabinghi limetoka katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu, kwenye imani za watu wa Rwanda na Uganda. Ngoma ni tatu: kubwa inayopiga kwa nadra na kwa uzito, ya kati inayoshika mapigo kama ya moyo, na ndogo yenye sauti ya juu inayozungumza. Wimbo uliobeba jina la albamu unachukua takriban nusu saa.

Basi akapita jirani yangu, mzee wa Kimakonde ambaye ujanani alipiga ngoma za mapiko na sindimba kule uwandani Newala. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu," lakini hakuendelea na safari yake. Alisimama na mkongojo wake, kisha akakaa. Hakusema kitu kwa muda mrefu sana. Halafu akaniambia, "Huyu mdogo ndiye anayesema. Wale wawili wanamshikia." Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akauliza hao ni watu wa wapi, nikamweleza kwamba ni wa Jamaica, kisiwa kilichoko ng'ambo ya bahari nyingine kabisa, na kwamba babu zao walipelekwa huko kwa nguvu. Akatikisa kichwa na kusema kwamba ngozi ya ile ngoma kubwa haikupashwa moto vya kutosha, kwa maana sauti yake ni nzito mno. Kwa Wamakonde mpigaji hupasha ngoma kwa moto wa majani makavu hadi ngozi ikaze, na zile ndogo zenye mguu uliochongoka huchomekwa ardhini zikiwa bado zina joto. Nikamweleza kwamba wenzetu wanaitaka hivyohivyo, nzito. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi ni ngoma ya msiba." Sina hakika kama Count Ossie angekubaliana naye, lakini tangu jioni ile siwezi kuisikiliza albamu hiyo bila kusikia hukumu ya mzee, na naiona ina haki.

Kanda iliyochakaa kuliko zote katika sanduku la kaka ilikuwa "Slave" ya Lucky Dube, ya mwaka 1987. Hakuna haja ya kumtambulisha Lucky Dube kwa Mtanzania wa umri wangu. Alikuwa kwenye mabasi, kwenye vinyozi, kwenye maharusi. Alianza kwa kuimba mbaqanga, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, kwa Kizulu kabla ya kuhamia rege, na uimbaji ule wa Kizulu haukumtoka: sikiliza jinsi sauti yake inavyopanda ghafla na wanawake wanavyomwitikia. Wimbo uliobeba jina la albamu hauhusu minyororo ya zamani. Mtumwa anayeimbwa ni mtumwa wa pombe, mtu anayejua kwamba ameiharibu nyumba yake na bado anarudi kilabuni. Huusikiliza wimbo huo kwa uchungu wa pekee wakati malipo ya korosho yanapotoka, kwa sababu nimewaona wakulima ninaowaheshimu, waliopulizia salfa mikorosho yao tangu Juni na kuokota hadi migongo ikauma, wakiimaliza fedha ya mwaka kwa wiki mbili. Dube hamtukani mtu wa namna hiyo. Anasema akiwa ndani yake, na ndiyo maana watu wazima walilia waliposikia kwamba ameuawa Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007 na watu waliotaka kumnyang'anya gari.

Sasa niingie kwenye dancehall, ambako ladha yangu ni ya kuchagua zaidi. Albamu inayozunguka bila kukoma ni "'Til Shiloh" ya Buju Banton, iliyotoka mwaka 1995 alipokuwa na miaka 22. Alikuwa tayari nyota wa kughani kwa sauti ya kukwaruza juu ya midundo mikali ya kumbi za dansi, ambako mtindo huu ulipata jina lake, lakini vifo vya wasanii wenzake waliopigwa risasi vilimgeuza. Humo umo wimbo wa "Murderer", unaomsimamisha muuaji mbele ya dhamiri yake, na umo "Untold Stories", gitaa bila kishindo, kijana akieleza jinsi maskini anavyoshindwa kumudu siku. Ninachokipenda ni kwamba hakuutupa mtindo wa zamani ili aonekane mcha Mungu. Nyimbo za ukumbini na nyimbo za ngoma za Nyabinghi zimekaa bega kwa bega, na ukizisikiliza kwa mpangilio wake unamsikia mtu akibadilika taratibu, huku akirudi nyuma mara mojamoja, kama watu wanavyobadilika kweli. Mtu akiniomba albamu moja tu ya kuanzia, humpa hiyo.

"Dutty Rock" ya Sean Paul, ya mwaka 2002, ni jambo jingine. Hii naisikiliza Jumamosi, mchana, wakati wa kufua. Wimbo wake wa "Get Busy" ulishika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 2003, na unatumia mdundo uitwao Diwali, uliotengenezwa na Steven "Lenky" Marsden, wenye makofi yanayoanguka mahali ambapo hukuyategemea. Mdundo huohuo Wayne Wonder aliimbia mapenzi katika "No Letting Go", na Bounty Killer akaghania juu yake shida za mtaani. Wageni wa muziki huu huona kama wizi, waimbaji wengi kutumia muziki mmoja. Mimi naona sisi Waswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Malenga mmoja hutoa swali katika shairi la vina na mizani fulani, na wenzake humjibu kwa bahari ileile. Hakuna anayewaambia kwamba wameiba bahari. Tena ni hapo ndipo unapoujua uwezo wa kila mmoja, kwa kuwa msingi ni uleule na kinachobaki ni ufundi wa kusema. Wajamaika huiita midundo hiyo riddim, na huko hutolewa hata albamu nzima za mdundo mmoja wenye waimbaji tofauti. Jina la Diwali nalo si geni kwetu, maana sikukuu hiyo ya Wahindu imejulikana katika miji ya pwani hii tangu enzi za wafanyabiashara wa Kihindi.

Uhindi huohuo ndio unaonipeleka Trinidad na kwenye soca. Naliandika neno hili kwa herufi c kwa sababu nikiandika "soka" kila msomaji atafikiria mpira. Mtindo huu uliasisiwa na Lord Shorty, aliyechukua kalipso ya kwao miaka ya 1970 na kuichanganya na midundo ya Wahindi wa kisiwa hicho, wajukuu wa vibarua walioletwa kwa mikataba kati ya mwaka 1845 na 1917. Muziki wenyewe ni wa kasi na wa kanivali, na kwa kuwa kila msimu wa kanivali hudai nyimbo mpya za barabarani, waimbaji wengi hutoa nyimbo mojamoja na albamu zao hukosa mwili. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuhusu soca, na ndiyo sababu kwenye kadi yangu zimo mbili tu.

Moja ni "Differentology" ya Bunji Garlin, ya mwaka 2014. Wimbo wenye jina hilo unaanza na gitaa linalolia kama la Mhispania kabla ngoma hazijafunguka, na kila mara napata msisimko uleule. Lakini ninaorudia zaidi ni "Carnival Tabanca", unaohusu majonzi ya mtu kanivali inapokwisha na barabara kubaki tupu. Aliyewahi kuiona Mtwara mwezi Machi, wakati malori ya korosho yameondoka na vibanda vya chakula karibu na maghala vimefungwa, anayajua majonzi hayo.

Ya pili ni "Far From Home" ya Calypso Rose, na hapa lazima nikae kidogo. Mama huyu alizaliwa Tobago mwaka 1940, na alikuwa na miaka 76 albamu hii ilipotoka mwaka 2016, baadhi ya nyimbo akisaidiwa na Manu Chao. Mwaka 1978 alishinda shindano kuu la waimbaji wa kalipso, ambalo cheo chake kiliitwa Mfalme wa Kalipso. Ikabidi jina la cheo libadilishwe, maana mfalme alikuwa mwanamke. Ni mwimbaji wa kalipso kabla ya kuwa wa soca, na wengine watasema albamu hii haimo katika fungu ninalolizungumzia, lakini midundo yake inavuka mpaka huo mara kwa mara nami siuoni umuhimu wa kuulinda. "Abatina" inamhusu mwanamke aliyeolewa na mwenye mali, akapigwa hadi kufa, na inaimbwa kwa muziki mtamu kiasi kwamba maneno hukufikia ukiwa tayari unacheza. "Leave Me Alone" ni ya mwanamke anayetaka kucheza kanivali bila kushikwashikwa na mtu. "No Madame" inamsemea mtumishi wa nyumbani mbele ya mwajiri wake. Mke wangu, ambaye havutiwi na rege kama mimi, alinitaka nimweleze maneno ya nyimbo hizo tatu moja baada ya nyingine, na nilipofika kwa yule mtumishi wa nyumbani akasema wimbo huo unafaa kupigwa stendi asubuhi, mabasi ya wasichana wanaokwenda kufanya kazi Dar es Salaam yanapojaza abiria. Tangu siku hiyo albamu ni yake, na mimi naomba zamu.

Za vijana ninazo chache. "Chronology" ya Chronixx, ya mwaka 2017, ni nzuri asubuhi, ingawa kwa maoni yangu ina nyimbo tatu zaidi ya zilizohitajika. "Gifted" ya Koffee, ya mwaka 2022, ni fupi, inakwisha kabla daladala haijafika mjini, na inaanza kwa kuazima "Redemption Song" ya Marley kwa heshima isiyo na woga. Binti huyu wa Spanish Town alitunukiwa Grammy ya albamu bora ya rege mwanzoni mwa mwaka 2020, mwanamuziki mwenye umri mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, kwa mkusanyiko wa nyimbo 5 tu. Ana sauti nyepesi isiyolazimisha kitu, na maneno ya shukrani mdomoni mwake hayachoshi.

Mzee wangu wa ngoma ameahidi kurudi Jumapili baada ya swala ya alasiri. Ameniambia niweke "wale wa msiba", nami nitaanza na santuri ya tatu, ile yenye wimbo wa nusu saa, kwa kuwa siku ile aliukuta umekwisha anza. Amesema pia kwamba atakuja na ngoma yake ndogo, na mimi nimekwisha mwekea rundo la majani makavu ya mnazi nyuma ya nyumba.